Boksi Lisilokoroma: Historia Fupi ya Besi Ndani ya Gari

Mwaka wangu wa pili hapa Nakivale, dereva mmoja wa teksi alinipa kazi ya kwanza yenye pesa ya maana. Alitaka boksi la sabufa mbili, likae kwenye buti ya Toyota yake. Useremala nilikuwa nao tangu Bukavu, nilifundishwa kwenye atelye ya mjomba wangu, lakini ulikuwa useremala wa vitanda na kabati. Nikajiambia, boksi ni boksi tu, ni kabati lisilo na mlango. Nikanunua tripleksi nyembamba, ile ambayo hapa Uganda wanaita plaiwudi, nikapiga misumari, nikavisha kapeti nyeusi. Kwa macho lilipendeza kweli kweli.

Siku ya tatu akarudi. "Fundi, boksi yako inaongea kuliko muziki," akasema. Akawasha redio. Kumbe ni kweli. Kila besi ilipogonga, ubao wa nyuma ulikoroma kama mzee aliyelala chali, na kwenye kona moja misumari ilikuwa imeanza kutoka. Nikasema, "Nisamehe, mzee, nitakaza." Hakutaka. Alifungua sabufa zake mwenyewe, akaniachia boksi pale barabarani. Kabla ya kuwasha gari akasema, "Nyinyi wakimbizi mnalipua kazi tu."

Pesa iliyobaki sikuiona. Hilo lilipita. Neno lake la mwisho ndilo halikupita. Boksi langu moja bovu lilihesabiwa juu ya kila seremala wa zoni yetu, na karibu mwaka mzima hakuna dereva wa steji ile aliyekuja kwetu na kazi. Ndipo nikaanza kuuliza: hawa watu wanaojenga magari yenye besi ya kutisha, wanafanya nini ambacho mimi sikukifanya? Nilisoma usiku kwenye simu, bando ikiisha nangoja. Nilidhani nitapata vipimo tu. Nikapata historia ya miaka mia moja, na ndani yake kosa langu lilikuwa limeshafanywa na kusahihishwa na watu wengi kabla mimi sijazaliwa.

Tuanze na spika yenyewe. Mwaka 1925, wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric huko Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walitangaza spika ya aina mpya. Koni ya karatasi imeshikiwa kwenye koili ya waya, na koili inacheza ndani ya nguvu ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili inasukumwa mbele na nyuma, na koni inasukuma hewa. Karibu kila spika unayoiona leo, ya kinyozi, ya kanisa, ya simu, bado inafuata mpango ule ule.

Lakini koni ina pande mbili. Inaposukuma hewa mbele, papo hapo inaivuta nyuma. Kwa sauti nyembamba si tatizo kubwa. Kwa besi ni tatizo, kwa sababu wimbi la besi ni refu mno: sauti inayotetemeka mara 40 kwa sekunde ina wimbi la zaidi ya mita 8. Wimbi refu namna hiyo linazunguka ukingo wa spika bila shida, la mbele na la nyuma yanakutana, moja linasukuma na lingine linavuta, yanauana. Shika sabufa mkononi bila boksi, iwashe, utaona koni inacheza sana na besi husikii. Kwa hiyo tangu mwanzo spika ilifungwa kwenye ubao mpana, ili upande wa mbele na wa nyuma visikutane.

Ubao huo Waingereza waliuita "baffle". Wafaransa wakalichukua neno, wakaliita hivyo boksi zima, na kwa njia ya Kifaransa likafika Kongo. Sisi tuliotoka Kivu, tunaposema "leteni mabafle, sherehe inaanza", tunataja ubao ule wa zamani bila kujua. Mi mwenyewe nililitumia neno hilo miaka yote bila kujiuliza. Limebeba somo la kwanza la kazi hii: kitu cha kwanza kilichoipa spika besi kilikuwa ubao.

Hatua ya pili ilikuwa kukunja ubao uwe boksi. Hapo pakazuka maswali mawili. Hewa iliyofungiwa nyuma ya koni tuifanye nini? Na kuta za boksi zitaivumilia vipi?

Swali la kwanza lilipata majibu mawili ambayo mafundi wa magari wanayatumia hadi leo. Jibu la kwanza ni la Albert Thuras wa maabara ya Bell. Mwaka 1932 alipewa hataza ya boksi lenye tundu. Hewa iliyo ndani ya tundu inafanya kazi kama uzito, na hewa iliyo ndani ya boksi kama springi. Ukipima vizuri, ile sauti ya nyuma iliyokuwa adui inatoka tunduni imegeuka, na sasa inasukuma pamoja na ya mbele. Ndilo lile bomba unaloliona kwenye maboksi mengi ya magari. Si pambo, na si mahali pa kutupia maganda ya karanga.

Jibu la pili ni la Edgar Villchur. Mwaka 1954, yeye na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research mjini Cambridge, Massachusetts. Kabla yao, mtu aliyetaka besi ya kweli nyumbani alihitaji boksi kubwa kama friji. Villchur alifanya kinyume. Alitengeneza spika laini sana, akaifunga kwenye boksi dogo lisilopitisha hewa hata kidogo, akaiacha hewa ya ndani ndiyo iwe springi ya kuirudisha koni. Besi ya boksi kubwa ikatoka kwenye boksi la kuweka juu ya rafu. Bila wazo kama hilo, sabufa isingepata nafasi kwenye buti ya gari.

Ila boksi dogo lina deni lake. Ukiifinya hewa kwenye nafasi ndogo, presha inapanda, na presha hiyo inasukuma kila ukuta, sio koni tu. Ukuta ukipinda, nao unakuwa spika: unatoa sauti yake, isiyo ya wimbo, na unakula sehemu ya nguvu iliyotakiwa itoke kwenye koni. Na penye upenyo mdogo hewa inapiga mluzi. Boksi langu lilikuwa na magonjwa yote mawili. Nilikuwa nimejenga spika ya tatu bila kukusudia, spika ya tripleksi, na ndiyo iliyokuwa inakoroma.

Swali la pili, la kuta, lilijibiwa na watu wengi, lakini mmoja nilimpenda kuliko wote. Gilbert Briggs alikuwa mwenye kampuni ya Wharfedale huko Yorkshire, Uingereza. Kwenye miaka ya 1950 alikuwa akijaza ukumbi wa Royal Festival Hall mjini London ili watu wasikilize spika zake na kuzilinganisha na wanamuziki waliokuwa jukwaani. Na Briggs alijenga kuta kwa mchanga. Alichukua mbao mbili nyembamba, akaacha nafasi katikati, akaijaza mchanga mkavu. Mchanga ni mzito, ubao haucheki ovyo. Zaidi ya hapo, chembe zake zinasuguana, na mtetemo unaishia humo kama joto dogo. Watu wa pesa zao, kwenye ukumbi wa fahari, walisikiliza muziki kutoka kwenye mbao na mchanga. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu gizani, mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Baada ya mafundi wakaja wa hesabu. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, aliandika jinsi ya kukokotoa boksi lenye tundu kabla hujashika msumeno. Makala yake ilichapishwa kwao Australia, na kwa miaka kumi huko kwingine wachache tu waliijua. Mwaka 1971 ilichapishwa tena Marekani, na Richard Small, aliyefanya utafiti wake Chuo Kikuu cha Sydney, akaiendeleza. Leo sabufa nzuri inakuja na karatasi ya namba zenye majina ya watu hao wawili. Namba hizo zinakuambia spika hii inataka lita ngapi za hewa na tundu la ukubwa gani. Yule dereva alikuwa ameniletea karatasi hiyo pamoja na spika. Niliitumia kufungia gundi.

Sasa tuingie kwenye gari. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin, Chicago, ilianza kuuza redio ya gari kwa jina la Motorola. Kwa muda mrefu redio ya gari ilikuwa spika moja ndogo ya habari na nyimbo. Mwaka 1980, huko Stillwater, Oklahoma, Steve Irby akatoa boksi la spika alilolipima kwa ajili ya pikapu, akaliita Kicker. Mwaka huo huo kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma ya TR-808, yenye besi ndefu ambayo ngoma ya kawaida haina. Vijana wa Miami wakaishika mashine hiyo, wakatunga muziki wa kuchezwa kwenye magari, dirisha chini, mtaa mzima usikie. Muziki ukadai spika kubwa, na spika kubwa zikadai boksi gumu.

Halafu wakaanza kushindana. Kwenye miaka ya 1990 mashindano yaitwayo dB Drag Racing yalipangwa Marekani kama mbio za magari, ila magari yamesimama. Kinachopimwa ni desibeli ndani ya gari lililofungwa. Katika madaraja ya juu hakuna mtu anayekaa ndani. Na washindani walikutana na jambo lile lile lililonikuta mimi barabarani: ukiongeza spika na amplifaya, kuna mahali namba inagoma kupanda, kwa sababu nguvu inapotelea kwenye paa linalopumua, milango inayocheza, na kioo kinachojipinda. Basi wakaacha kuongeza spika, wakaanza kukaza. Wakajaza zege kwenye milango, wakaweka chuma kwenye paa, wakabadilisha kioo cha mbele kwa kioo kinene. Gari lililokuwa la kutembea likawa boksi moja zito ambalo huenda lisiweze kupanda mlima.

Msomaji anaweza kudhani ni wazimu tu. Hesabu hii inasaidia. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kwa desibeli 150, presha ya sauti ni paskali 630 hivi. Chukua ubao wa nusu mita kwa nusu mita: unasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 16, kisha unavutwa kwa nguvu hiyo hiyo, na kama sauti ni ya mtetemo 40, hilo linatokea mara 40 kila sekunde. Kwa desibeli 160 ni kilo 50, mfuko mzima wa saruji, unapigwa na kuvutwa mara 40 kwa sekunde. Na ndani ya boksi lenyewe presha inaweza kuzidi ile ya ndani ya gari. Gari la yule dereva halikufika huko, lakini misumari yangu haikuhitaji kufika huko.

Ubao unaokazwa una kanuni zake, na kanuni hizo hazina siasa. Ugumu wa ubao unakua kwa unene mara tatu juu ya wenyewe: ukiongeza unene mara mbili, ugumu unakuwa mara nane. Hata kutoka milimita 12 kwenda 18 unapata zaidi ya mara tatu. Nafasi isiyoshikwa ina nguvu kuliko hapo: ubao mrefu ukiushika katikati kwa boriti ya ndani, ukagawa upana wake nusu kwa nusu, kupinda kunashuka hadi sehemu moja kwa kumi na sita. Kwa hiyo kipande cha mbao kilichobaki sakafuni, kikikatwa sawa na kugundishwa ndani ya boksi kutoka ukuta hadi ukuta, kinafanya kazi kuliko amplifaya ya pili. Nilikuwa nimevitupa vipande vya namna hiyo jikoni, tukapikia maharage.

Kuna waliobisha, na ni haki kuwasikiliza. Mwaka 1977 watafiti wa BBC, Harwood na Mathews, walitoa ripoti juu ya maboksi ya kusikilizia sauti za studio. BBC walipendelea mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka zito la lami kwa ndani. Hoja yao: ubao mgumu bado una sauti yake, ila inapanda juu, mahali ambapo sikio linasikia vizuri maneno ya mtu. Bora ubao laini ulionyamazishwa. Kwa sauti ya mtangazaji wana hoja. Kwa sabufa ya gari hesabu inageuka. Sabufa haichezi sauti za juu, kwa hiyo ukikaza ubao mpaka sauti yake ipande juu ya besi, hakuna cha kuiamsha. Somo nililolipata hapo ni kwamba uulize kwanza boksi ni la kazi gani. La kwaya na la gari si ndugu wa baba mmoja.

Baada ya kusoma nikarudi kwenye boksi langu lililokataliwa. Lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba, kuku wakilala juu yake. Kwa gari nilijua halifai tena. Lakini kwaya yetu ilikuwa na spika ya zamani isiyo na boksi la kueleweka, na mchanga hapa haununuliwi. Nikaanika mchanga juu ya bati siku mbili, kwa sababu ukiwa na unyevu utaozesha mbao. Nikauchekecha. Nikaweka ubao wa pili nje ya kila ukuta, nafasi ya vidole viwili, nikajaza huku nikigongagonga mpaka ukashuka wote, kisha nikaziba. Halikupendeza. Vijana waliolibeba walilia njia nzima. Lakini lilipowashwa mazishini, watu walisikia maneno ya wimbo, na mama wa marehemu alinishika mkono bila kusema kitu. Siku hiyo hakuna kilichokoroma.

Kwa gari mchanga haufai, bwana. Uzito unakaa juu ya springi na unakunywa petroli, na dereva wa teksi anahesabu kila lita. Kwa gari ni ubao wa milimita 18, ubao wa mbele ukiwa mara mbili kwa sababu ndio uliotobolewa na ndio unaobeba spika. Gundi ya mbao kila kiungo kabla ya skrubu, maana skrubu zinashikilia tu mpaka gundi ikauke. Boriti za ndani. Na silikoni kwenye kona zote. Halafu boksi lenyewe lifungwe kwenye gari, kwa sababu boksi la kilo 30 lisilofungwa, gari likigonga, linakuja mbele na abiria.

Na kuna neno kwa majirani, na kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, ambao huwa mnaletewa malalamiko ya kelele usiku. Boksi zuri haliondoi haki ya mtu kulala. Ukuta wa udongo na paa la bati havizuii wimbi la mita 8. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wanasema desibeli 85 ni za saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Sikio likishaharibika halirudi. Kwa hiyo naomba tusichanganye mambo mawili: kujenga boksi vizuri ni ufundi, kulifungua mpaka mwisho saa sita za usiku ni tabia. Lakini kijana anayewaomba mashine ya kukata mbao au gundi nzuri, msidhani anaomba kelele. Huenda anataka tu asiambiwe kwamba analipua.

Yule dereva nilimfuata mwenyewe kwenye steji, mwaka jana. Nikamwambia, "Mzee, boksi lako nina deni nalo. Nunua mbao, kazi ni bure." Alinitazama kwa muda, akanunua. Safari hii karatasi ya namba niliisoma kabla ya kushika msumeno. Alipokuja kulichukua nikamwomba aligonge kwa kifundo cha kidole, kila upande. Boksi la kwanza lingejibu kama ngoma. Hili lilijibu "ti", fupi, kama umegonga mti uliosimama. Akagonga tena, akazunguka, akagonga chini. Hakusema lolote juu ya wakimbizi. Aliuliza kama naweza kumtengenezea na shemeji yake.